Jamvi la Kili Kumi na Moja

Ukitaka kumjua mtu aliyepata hela juzi, mtazame anavyotafuta uzee wa kununua. Mwenye wazee wake hatafuti. Mimi hapa nina miaka ambayo sijisumbui tena kuihesabu, magoti yote mawili yananung'unika tangu alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mlangoni kwangu akauliza bei. Lakini mkeka wa zamani, ulioguguniwa na panya pembe moja na kumwagiwa chai pembe nyingine, huo siku hizi una duka lake hapa Mwanza mjini, una taa yake ya kuumulika, na una mwanamume mzima mwenye shati la pasi anayesimama pembeni yake na kuusifia.

Nilifika huko kwa sababu ya mke wa mjukuu wangu. Mimi namwita mke mwenzangu, kama utani wetu ulivyo, maana aliyeolewa na mjukuu wangu ameolewa na mume wangu. Wamejenga Ilemela, juu ya mawe, ziwa lote linaonekana dirishani, na humo ndani hamna kiti cha mtu mzima. Vile vilivyopo ukikaa unazama mpaka magoti yanakaribia masikio, na kuinuka ni mpaka uombe msaada. Basi akaja Mkuyuni kunichukua.

"Bibi, nataka vitu vya sebuleni vilivyosukwa kwa mkono, vya zamani kabisa. Wewe unajua mikeka. Twende ukanichagulie."

"Mimi hapa ni wa zamani kabisa, mbona hujanitandika sebuleni?"

Akacheka. Ni mtoto mzuri, sisemi uongo, ila ana ugonjwa wa kuchekea kila kitu.

Duka lenyewe lina baridi ya mashine, kama chumba cha kuhifadhia samaki. Mwenye duka ni mtu wa makamo, mpole wa maneno, kucha safi kama za mtoto wa siku arobaini. Akanipa shikamoo yangu, nikaitikia marahaba, akatuanzishia kwenye mazulia. Hili la Uajemi. Hili la Uturuki. Hili lilisukwa na mama mmoja kipofu kwa muda wa miaka saba. Nikamuuliza huyo mama kipofu alikuwa anazijuaje rangi. Akakohoa, akahamia zulia la pili yake.

Ngoja nikufundishe, rafiki yangu, usije ukadanganywa na wewe. Zulia usilitazame usoni, ligeuze. La mkono, mbele yake na nyuma yake ni ndugu wa tumbo moja. Ua lililoko mbele utalikuta nyuma, limefifia kidogo tu. La mashine mgongo wake ni mgeni, umepakwa gundi ukabandikwa kitambaa. Vuta nyuzi za pindoni. Za mkono zinatoka ndani ya zulia lenyewe, ndiyo mifupa yake. Za mashine zimeshonewa baadaye kama ndevu za mtu wa maigizo. Lowesha kidole, sugua rangi. Ikikufuata kidoleni, iache dukani. Na mkeka, kunja pembe yake karibu na sikio. Ukindu mzima unalalamika kwa sauti ya chini, ukindu uliokufa unakatika kama njiti ya kiberiti. Halafu nusa. Uzee una harufu ya moshi na jasho. Uzee wa kughushi una harufu ya majani ya chai, maana ndimo wanamochovya mikeka iliyosukwa juzi.

Niligeuza mazulia sita mbele ya mwenye duka. Matano yalikuwa na mgongo wa kigeni. La sita lilikuwa la kweli, na ndilo alilokuwa amelilaza chini mlangoni watu wafutie miguu.

Mikeka alikuwa ameitundika ukutani. Ukutani! Kitu kilichosukwa kikae chini ya watu kimepandishwa juu ya vichwa vyao, na mmoja wao mkeka wa kuswalia kabisa, mdogo, umesuguka pale paji la uso linapogusa, nao uko jirani na mlango wa choo. Hapo nikapandisha sauti ili wote wasikie. "Watu waliotoa vitu hivi hawana haya," nikasema. "Mtu anakitoaje alichokalia kumlilia mama yake?" Ungejua nilivyojisikia vizuri! Dharau ni kama ugoro, inasafisha kichwa.

"Bibi, bado hujaliona lenyewe," akasema mwenye duka.

Akaingia nyuma, akatoka na jamvi limekunjwa, kubwa la kujaza chumba, akalikunjua katikati ya sakafu. Jamvi, kama hujui, halisukwi kwa mkupuo mmoja. Unasuka kwanza ukili, utepe mrefu wa ukindu wenye upana wa viganja viwili, kisha kili zinashonwa moja ubavuni mwa nyingine mpaka upatikane upana unaoutaka. Hilo lilikuwa na kili kumi na moja. Sikuzihesabu.

"Miaka mia na ishirini," akasema. "Limetoka nyumba ya mtemi. Sasa tazama ukili wa katikati." Akainua upande mmoja kuelekea kwenye taa. Kili kumi zikang'aa, mmoja ukafifia. Akazunguka upande wa pili, akainua tena, na ule mmoja ukang'aa, kumi zikafifia. "Mnaona? Ule umesukwa kinyume kwa makusudi. Ni alama ya ufalme hiyo. Ufundi uliopotea."

Mke mwenzangu akashika mdomo. Mimi nikashika ukuta.

Ufundi uliopotea, eti! Ukili ule niliusuka mimi nikiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba yetu Mkuyuni, na mkono uliokwenda kinyume haukumjua mtemi wala mfalme. Mimi ni wa mkono wa kushoto, basi. Na aliyelitoa jamvi lile mikononi mwa mtaa wetu namjua pia. Nitamfikia. Yeye nimemweka mwisho.

Tangu dakika ile nilitaka jambo moja tu: jamvi lile lirudi chini, na siku ya msiba wangu watu wakae juu yake. Nilijua vilevile kwamba nikilidai, nitaulizwa lilitokaje. Nikafunga mdomo. Mke mwenzangu akalinunua. Bei aliyoitaja yule bwana siisemi, nisije nikamharibia mtu swala yake.

Mkuyuni ya utoto wangu haikuwa hii ya maduka ya simu na spika zinazopigiana kelele. Ilikuwa nyumba kumi na moja za udongo na bati upande wetu wa kijito, mawe makubwa nyuma, na ziwa chini umbali wa kutumwa mtoto na kurudi kabla uji haujapoa. Uji wa ulezi, na michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu vilivyochemshwa na karanga mpaka vinashika meno. Jioni furu wa kukaanga, wadogo kama vidole, unamla na kichwa. Furu wale leo ukiwataja watoto wanadhani unawatungia, maana sangara amewamaliza ziwani, na sasa huyo sangara mwenyewe wanamkata minofu inapanda ndege, sisi tunauziwa vichwa na mifupa. Na tunashukuru! Lakini hilo nisianze.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Alifika Mwanza kutoka Tabora akimfuata mume mfanyabiashara, mume akafa, mikeka ikabaki. Alikuwa mshonaji. Nikisema mshonaji simaanishi cherehani. Namaanisha yule anayezipokea kili za watu na kuzishona kuwa mkeka, kwa sindano ndefu kama mwiba wa nungu. Majirani zetu walikuwa mchanganyiko kama pilau: mke wa mwalimu wa madrasa, ambaye alijiona yeye ndiye mwalimu, mke wa fundi cherehani, muuza dagaa wa Ukerewe, Mkristo, ambaye sauti yake ilifika kabla ya dagaa zake. Majina yao wote ninayo, na ya waume zao, na la beberu wa fundi cherehani pia ukilitaka. Lakini hapa nitawaita kwa kazi zao. Wenyewe wamekufa, wameacha wajukuu, na wajukuu wana midomo.

Mama yangu alikufa nikiwa na miaka minane. Ilikuwa masika, chini tope tupu, na mtaa wetu haukuwa na jamvi la msiba. La msikitini lilikuwa limeazimwa kwingine. Bibi akahangaika, mwishowe watu wakakalishwa juu ya magunia ya pamba. Mimi kilio sikikumbuki. Ninachokumbuka ni harufu ya mbegu za pamba, na wanawake wakiondoka jioni na vipamba vimewaganda nyuma kwenye kanga, kama kuku wanaonyonyoka. Mke wa mwalimu wa madrasa alijipangusa mlangoni kwetu, akasema, wala hakushusha sauti, "Mtu amekufa hana hata cha kukaliwa."

Bibi alilisikia. Alinyamaza siku arobaini. Siku ya arobaini na moja akajifunga kanga kiunoni akapita nyumba zote kumi na moja. Kila nyumba itoe ukili mmoja. Hakuna nyumba kutoa mbili, kusije kukawa na wenye jamvi na wapangaji wa jamvi. Hakuna kumlipa mwingine akusukie. Na yeye bibi hatasuka, atashona tu, kwa sababu mshonaji akisuka ataupendelea ukili wake.

Ukindu ulitoka ng'ambo, upande wa Kamanga. Wanawake walivuka nao umefungwa matita mabichi, ukinukia kama majani baada ya mvua. Kazi yetu watoto ilikuwa kuuanika juu ya mawe na kuulinda. Beberu wa fundi cherehani alikuwa na adabu mbovu kuliko mwenyewe. Ukigeuza shingo, ameshatafuna ukindu wa ukili mzima wa mtu. Ukikauka unakuwa mweupe, unauchana kwa ukucha wa dole gumba, unaulowesha upate kulainika, unasuka. Mchana mtaa mzima ulikuwa unalia chwaa, chwaa, chwaa, kila baraza na ukili wake, na mimi nadhani nilijifunza majina ya watu kwa milio ya mikono yao. Leo mtu anaishi na jirani miaka kumi hajui hata mlio wa kikohozi chake.

Nyumba yetu ikawa tatizo. Ukili wa nyumba yetu ulikuwa wa mama, na mama ndiye aliyekufa. Bibi hasuki. Nikabaki mimi.

Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua mkono wa kushoto ulikuwa nini. Ulikuwa mkono wa chooni. Ukipokea kitu nao unazabwa kofi, ukishika tonge nao sahani inaondolewa. Shuleni mwalimu alinigonga vifundo kwa rula mpaka nikaanza kuandika kwa kulia, na mwandiko wangu mpaka leo ni wa kuku aliyekimbizwa. Darasa la tatu nikaacha, sikurudi. Basi bibi naye akanifundisha kusuka kwa kulia. Ukili ukatoka unapindapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Ukafumuliwa. Wa pili vilevile. Siku ya nne akafunga mlango wa uani, akakaa juu ya kinu, akasema, "Suka unavyojua." Nikahamishia kushoto. Wewe! Ukili ulinyooka kama umepigwa uzi. Siku tisa nikaumaliza, umekaza, hauna pengo la kupitisha sindano. Kasoro yake moja: mistari yake ililalia upande mwingine.

Siri ya watoto haina ukuta. Siku ya kushona, wanawake wamejaa chumba cha mbele kwa bibi, mke wa mwalimu wa madrasa akaja na mdomo umeshajaa.

"Nasikia humu kuna ukili wa mkono wa kushoto."

Bibi anaendelea kulowesha uzi.

"Jamvi la kusomea hitima, ndugu zangu? Mkono wa kuchambia ndio tuukalie tunamsomea marehemu?"

"Kwani wewe unakalia mikono?" akasema muuza dagaa. "Mimi nakalia makalio."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha wasiwasi, maana mke wa mwalimu alikuwa mke wa mwalimu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua ukili wangu ukitolewa, nyumba yetu haimo. Watakaa kumi, na mama yangu atabaki kwenye magunia milele. Niliuma kanga mpaka ikatoboka.

Bibi akainuka. Akazikusanya kili zote kumi na moja, akazichanganya kama karata, akazilaza sakafuni sambamba. Chumba chenyewe kina kidirisha kimoja, na kidirisha kimezibwa na mwili wa muuza dagaa.

"Shoga," akamwambia mke wa mwalimu, "mimi ni mzee, macho yangu hayana kazi. Nioneshe huo wa kushoto. Ukiunyooshea kidole, nautoa."

Mke wa mwalimu akainama. Akapita wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi. Akapapasa. Akapiga magoti. Jasho likamtoka puani, maana watu wote wamemkazia macho. Mwisho akausimamia mmoja. "Huu. Umelegea, umekaa vibaya. Huu ndio wa kushoto."

Bibi akaugeuza ncha. Kila mtu alifunga alama yake kwenye ncha, kitambaa cha kanga yake. Ilikuwa kanga ya mke wa mwalimu mwenyewe.

"Lo! Kumbe na wewe shoga!" Muuza dagaa alicheka mpaka akabanduka pale dirishani, mwanga ukaingia, na bibi haraka akatupa shuka juu ya kili zote kama anayefunika maiti. Alishona siku ileile, wangu akauweka katikati. Watu walipoondoka akaniita. "Wakilitoa juani wataona," akaniambia. "Lakini jua litakuta nimeshashona."

Akanieleza pia kwa nini katikati. Pale ndipo anapokaa mfiwa.

Miaka mingi jamvi lile lilizunguka mtaa wetu. Likishatumika, wanawake wawili wanalibeba kichwani mpaka ziwani, linasuguliwa kwa mchanga, linaanikwa juu ya mawe, na hapo kila mwenye macho aliuona ukili wa katikati ukifanya vituko vyake na mwanga. Hakuna aliyesema neno. Jamvi limeshashonwa. Nikawa nawahesabu waliokaa juu ya mkono wangu. Mwalimu wa madrasa alipofariki, mkewe aliletwa ameshikwa mabega, akaketishwa palepale katikati, akaukamata ukili kwa vidole vyote kumi kama mtu anayeogopa kuanguka. Nilimpelekea maji ya kunywa, kwa mkono wa kulia.

Bibi alipokufa jamvi likabaki nyumbani kwangu, maana nyumba ya mshonaji ndiyo nyumba ya jamvi. Nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, nalo lipo, limesimamishwa kona ya chumba. Sasa nimfikie yule niliyekuahidi.

Alikuja muuza plastiki na baiskeli. Mabeseni, ndoo, na mikeka ya plastiki imekunjwa kama mabomba. Siku hizo ilikuwa ndiyo inaingia, na aliyekuwa nayo alijiona amevuka bahari. Akaukunjua mmoja mlangoni kwangu. Una tausi. Tausi mkubwa, kijani na buluu, mkia umefunguka mkeka mzima. "Mama, toa la zamani uchukue la kisasa. La zamani linafuga kunguni." Tulielewana kabla maji ya ugali hayajachemka. Alichukua jamvi la mtaa mzima, akaniachia mikeka miwili na beseni. Beseni lilipasuka kabla ya mwaka.

Ni mimi. Hakuna mwizi, hakuna njaa, hakuna mgonjwa hospitali. Nilimpenda tausi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao niliuacha, tena hata huo msala haukupita. Kilichopita ni plastiki.

Msiba wa kwanza juu ya tausi ulikuwa wa mke wa fundi cherehani. Jua kali. Plastiki ikapata moto, ikanata mapajani, na mtu akijisogeza inatoa mlio ambao haufai msibani. Muuza dagaa, mzee sasa, anatembelea fimbo, akasimama pembeni akiangalia.

"Jamvi liko wapi?"

"Limeliwa na mchwa," nikasema.

Akamtazama tausi, kutoka mkia mpaka kichwa. "Mchwa huyu ana manyoya mazuri," akasema.

Akaenda akakaa chini kwenye mchanga, peke yake, miguu ameinyoosha, mpaka tukazika. Hakuniuliza tena. Yeye alipokufa hata huo mkeka wa plastiki haukutandikwa. Vilikodiwa viti na turubai, na mtu wa kipaza sauti akatangaza majina ya waliotoa rambirambi. Alimkosea jina marehemu. Mimi nilikuwa nalijua, nikakaa kwenye kiti cha kukodi, nikanyamaza.

Basi tukarudi Ilemela na jamvi limefungwa juu ya gari. Mke mwenzangu akaanza kupima ukuta.

"Chini," nikamwambia. "Hilo ni la chini."

"Bibi, wakilikalia litaisha."

"Lilisukwa liishe. Halikusukwa litazamwe."

"Lakini hili ni la mtemi, Bibi, miaka mia na…"

"Ni la muuza dagaa," nikasema. "Ni la mke wa fundi cherehani. Ukili huo wa kifalme niliusuka mimi kwa mkono wangu huu wa kushoto, mama yangu amekufa. Na yule niliyemtukana dukani, aliyelitoa bila haya, ni mimi."

Alicheka kwanza, kwa ule ugonjwa wake. Halafu akaniangalia, akaacha. Nikamweleza yote, mpaka mchwa. Nilidhani ataniambia maneno ya kubembeleza wazee, sio kosa lako Bibi, nami nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Kwa tausi, Bibi?"

"Kwa tausi. Na beseni."

Akakaa chini, palepale sakafuni. "Sasa mbona dukani ulimwacha aseme ni la mtemi?"

"Ningesema la muuza dagaa, ungelinunua?"

Akainama akachezea ncha ya jamvi. Angalau hakuongopa. Baadaye akanisogelea akaniomba nimtajie, na mimi nikamtajia, ukili kwa ukili, jina la kila mwanamke, naye akapita na kidole. Alipofika katikati akataja langu mwenyewe. Tukapatana hivi: ukutani wao, kwa sababu nyumba ni yao na ujinga wao una dirisha kubwa, lakini siku yangu ikifika linashushwa, linatandikwa chini nje, hakuna viti, hakuna turubai lenye jina la mtu. "Nitalishusha mwenyewe, mke mwenzangu," akasema. Nimemwamini. Sina mwingine wa kumwamini, hilo nalo ni kweli.

Kwa hiyo liko ukutani Ilemela. Mafundi walilitundika nyuma mbele. Upande wa vishina, zile ncha za ukindu zilizokatwa, ule mkwaruzo tunaoulaza chini watu wasiuone, ndio unaoangalia sebule, na wageni wanakuja kuupapasa, wanasema hapo ndipo unapouona mkono wa mtu. Wanajipiga picha. Uso wake, ule uliolainishwa na kanga za wafiwa wa nyumba kumi na moja, umegeukia saruji. Nikienda huko nazamishwa kwenye kiti, naletewa juisi ya boksi, natazama mgongo wa jamvi letu. Nyumba zile za kijito zimekwisha, ukindu hauvuki tena, mlio wa mikono ya watu hausikiki barazani, na beberu wa fundi cherehani hakuna wa kumkumbuka ila mimi. Sijawaambia kwamba limegeuzwa. Kwa nini niwaambie? Uso haukuwa wa wageni.

Wataujua siku watakapolishusha. Watalilaza juu ya mawe, mchana, ziwa linamulika chini yao, na kili kumi zitang'aa, mmoja utafifia. Mtu atalia kidogo, atatafuta pa kukaa, na miguu yake itampeleka katikati. Ninachosikitikia ni kimoja tu: sitakuwepo kuwacheka.